Matairi ya Siku Hizi Hayaimbi

Mzee Rungu alikuwa na neno lake la kila asubuhi, na madereva wa yadi ile walikuwa wamelisikia mpaka limewachosha: matairi ya siku hizi hayaimbi.

Alilisema huku akilizunguka lori lake, mkononi ameshika kile kirungu cha mti mgumu kilichompa jina, akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Lori lilikuwa na magurudumu ishirini na mawili, kumi kwenye kichwa na kumi na mawili kwenye tela, na hakuna lililokwepa kipigo. Tairi lenye upepo wa kutosha hujibu ti, sauti kali inayopanda juu. Lililopungua upepo hujibu du, na hapo dereva mwenye akili zake hatoki getini. Alifundishwa hivyo miaka thelathini na moja iliyopita na mtu ambaye sasa ni marehemu, naye akawafundisha wengine hivyo hivyo. Lakini kwa mwaka na kitu sasa, kila alipogonga, ti haikuja. Yote yalisema du. Na kwa kuwa gari lilikwenda na kurudi salama, mzee alikaa akafikiri, akapata jibu: viwandani siku hizi wanachanganya mpira na takataka.

"Hata mpira nao umechakachuliwa," aliwaambia wenzake. "Zamani ukigonga tairi linakuitikia kama mtu."

Hakuna aliyembishia. Ukishaendesha lori miaka thelathini na moja bila kumwaga mzigo hata mara moja, una haki ya kusema upuuzi wako asubuhi na watu wakanyamaza.

Kibanda cha chai kilikuwa kimeegemea ukuta wa karakana, benchi mbili na meza ya mbao yenye alama za miduara ya vikombe. Hapo ndipo wakubwa na sheria zao walipohukumiwa kila siku kabla ya saa moja asubuhi. Hakimu alikuwa dereva mmoja waliyemwita Redio, maana ukishamwasha hazimiki.

"Kwanza wametuletea kidhibiti mwendo," Redio alikuwa akisema siku hiyo. "Gari lina nguvu ya kuvuta nyumba, linatembea kama limebeba mayai. Haya, tukanyamaza. Wakaleta saa za kupumzika. Eti ukiendesha saa nne, upende usipende, paki, pumzika. Mimi mke wangu mwenyewe hajawahi kuniamrisha nipumzike."

Watu wakacheka.

"Na yule aliyesinzia pale kwenye kona ya daraja," sauti ikatoka mwisho wa benchi, "naye hakuna aliyemwamrisha."

Kicheko kikakatika. Aliyesema alikuwa Kanuni, mwanamke pekee aliyeendesha lori pale yadini, na jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. Kizima moto chake hakikuwahi kupitwa na tarehe. Pembetatu zake mbili za hatari ziling'aa kama sahani za wageni. Geji yake ya kupimia upepo wa matairi aliihifadhi ndani ya soksi safi, na kitabu cha sheria za barabara alikisoma kama watu wengine wanavyosoma magazeti, tena kwa kurudia.

"Sheria zinatungwa na watu ambao hata kurudisha tela nyuma hawajui," alisema Rungu. Aliipenda sana sentensi hiyo.

"Ni kweli, mzee wangu," alijibu Kanuni. "Lakini wanajua kuhesabu waliokufa."

Rungu alimtazama kwa pembe ya jicho. Huyu alikuwa mwanafunzi wake. Miaka tisa nyuma, alipofika pale na leseni mpya na begi moja, hakuna dereva aliyekubali kukaa naye kwenye kichwa amfundishe njia. Mmoja alisema mkewe hatamwelewa. Mwingine ghafla akaumwa mgongo. Rungu alifungua mlango wa upande wa abiria akasema, "Panda." Miezi mitatu alikaa naye, akimwonyesha namna ya kushuka mlima kwa gia badala ya kuzichosha breki, namna ya kuingiza tela mahali pasipotosha, na namna ya kugonga matairi. Ndiyo maana siku Kanuni alipoweka kirungu chini akanunua geji, mzee alinuna wiki nzima.

"Geji haina masikio," alimwambia wakati ule.

"Ndiyo maana masikio yake hayazeeki," Kanuni alimjibu, na mzee akaona ni utovu wa adabu tu.

Sasa sheria ilikuwa imekuja na jipya. Dereva wa magari makubwa, kabla ya kuhuisha leseni, apimwe macho na masikio. Barua za wito ziligawiwa pale pale kibandani. Rungu alisoma ukurasa wa kwanza wa barua yake, akafika penye neno masikio, akaikunja mara nne na kuisukuma chini ya godoro la kitanda cha ndani ya lori. Alikuwa amebakiza wiki tano leseni yake iishe.

Hakuwa mjinga. Alijua kuna kitu hakiko sawa, kama unavyojua gari lako linavuta upande hata kabla fundi hajakwambia. Lakini alikuwa akiliona geti. Dereva mmoja mwenzao alishindwa kipimo cha macho mwaka uliopita, na sasa ndiye aliyekuwa akifungua geti la yadi. Kila lori lilipotoka alisimama ameshika kufuli, akilisindikiza kwa hayo macho yake mabovu mpaka likate kona. Rungu alipopita pale alimpungia mkono bila kumtazama usoni. Yeye hakujua kazi nyingine. Hakutaka kujua kazi nyingine. Mtu angemwambia kwamba atamaliza siku zake akiwafungulia wengine geti, angeona heri aambiwe amalizie siku zake kaburini.

Na nyumbani nako mambo hayakuwa mazuri. Mkewe, mwanamke aliyemuoa kwa sababu ya upole wake, uzeeni alikuwa amegeuka mkali. Alipiga kelele. Chakula tayari, alipiga kelele. Mlango umebaki wazi, alipiga kelele. Ukimwuliza habari za mtoto wao wa mwisho, anajibu kwa kelele.

"Wanawake wakizeeka hupata koo la mnadi," Rungu aliwaambia wenzake, kwa huzuni ya kweli.

Kanuni alikuwepo siku hiyo. Aliweka kikombe chini taratibu. Baadaye, wakiwa wawili wanasubiri kupakia, alisogea akasema, "Mzee, hebu nenda kapime masikio. Nakuomba."

"Masikio yangu yalikuwa yanasikiliza injini wewe hujaota meno," Rungu alijibu, akapanda garini. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatatu iliyofuata, jirani mwenye pikipiki alimpa lifti na Rungu akafika yadini mapema kuliko siku zote. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa paa la karakana. Akaona mtu amechuchumaa ubavuni mwa tela lake, mpira wa kompresa umevutwa mpaka pale, geji mkononi. Kanuni.

Ni lazima ieleweke jambo moja. Katika yadi ile, gari la mwenzako huligusi. Hata ukiliona taa zimebaki zinawaka, unamtafuta mwenyewe, huzimi. Maana likiharibikia njiani, aliyeligusa mwisho ndiye atakayeulizwa. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na kwa hiyo wote waliifuata, hata wale wasioheshimu zilizoandikwa.

Rungu akasimama. Akaunganisha ile nasaha ya masikio, na barua ya wito, na huyu mtu wa vitabu aliyechuchumaa kwenye gari lake, gari jipya kuliko la Kanuni mwenyewe, akapata jambo ambalo halikuwepo. Anatafuta kasoro. Anataka kunipeleka getini, anyakue gari.

"Unatafuta nini hapo?"

Kanuni akashtuka, akainuka. "Naangalia upepo tu, mzee."

"Gari langu, upepo wangu. Nani amekutuma, mwizi wa gari wewe?"

Aliyauliza hayo kwa sauti ya mtu asiyejua ana sauti kubwa kiasi gani. Redio akatoka kibandani na kikombe chake, wengine wakafuata. Mkuu wa yadi, mtu mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, akafika akiwa bado anafunga vifungo vya shati.

"Kanuni, umegusa gari la mwenzako?"

"Nimegusa."

"Leo ndiyo mara ya kwanza?"

Akasita. Angeweza kusema ndiyo, na ingeishia hapo. "Hapana," alisema.

Watu wakaguna. Huyo Kanuni, mwenye sheria zote kichwani.

"Kwa nini?"

Kanuni alimtazama mkuu wa yadi, kisha akamtazama Rungu, ile geji bado mkononi. "Sina la kujitetea, bosi. Nimekosa."

Akaandikiwa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka tisa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho kama kawaida yake, akaiweka kwenye bahasha na kupanda nayo garini. Rungu aliona ameshinda. Ushindi ulikuwa mtamu mpaka saa tano hivi za asubuhi, halafu ukaacha ladha ya dawa mdomoni.

Jumanne matairi hayakuguswa na mtu ila yeye na rungu lake. Jumatano vilevile. Du, du, du. Akasema ni yale yale ya siku zote.

Alhamisi walitoka wamebeba saruji, Rungu mbele, Kanuni nyuma yake kama ilivyopangwa kwenye karatasi ya safari. Hawakuwa wamesemeshana siku tatu. Siku ilikuwa nyeupe, barabara kavu, na Rungu aliteremka kwenye bonde kwa gia ya chini, taratibu, kwa ustadi ambao hakuna ofisi inayoweza kumpa mtu au kumnyang'anya. Bondeni kulikuwa na soko dogo la kando ya barabara. Alipita hapo akitazama mbele, moyo umetulia.

Ni kwenye kioo cha pembeni ndipo alipoona taa. Lori la Kanuni lilikuwa likimwashia taa kubwa, likizima, likiwasha, tena na tena. Akafikiri, ameanza ugomvi. Akatazama vizuri. Nyuma ya tela lake mwenyewe kulikuwa na moshi.

Akasimama pembeni, akazima injini, akashuka. Kwenye ekseli ya katikati, upande wa kushoto, tairi la ndani halikuwepo tena. Lilikuwa limebaki rimu na nyuzi zilizochanika kama nywele za mwendawazimu, na lile la nje, lililobeba mzigo wa wawili, lilikuwa limevimba na kunuka kuungua. Tairi la ndani ndilo baya kuliko yote. Hulioni kwa macho, limefichwa na mwenzake, na ncha ya rungu hulifikia kwa shida tu. Hilo hulijui ila kwa kulisikiliza.

Mwanamke mmoja muuza nyanya alikuwa akija mbio kutoka sokoni, ameshika kipande cha mpira kirefu kama mkono wake.

"Chako hiki," alisema, akihema. "Kimetua juu ya meza yangu. Nyanya zote chini. Hapo dakika moja kabla mwanangu alikuwa amekaa, nimemtuma maji tu." Alimkazia macho. "Mzee, lilipasuka kama bomu. Soko zima tumelala chini. Wewe umepita tu. Hukusikia?"

Rungu alikuwa akitazama midomo yake. Akagundua kwamba alikuwa akitazama midomo yake, na kwamba alikuwa akitazama midomo ya watu muda mrefu sana.

"Sikusikia," alisema.

Yule mama alitikisa kichwa. Akaweka kile kipande chini, si kwa hasira, akarudi kuokota nyanya zake. Rungu alikaa kwenye jiwe la kando ya barabara. Alikuwa anamwona mtoto ambaye hakuwahi kumwona, amekaa juu ya meza ya nyanya.

Ni mazoea yaliyomwinua. Gari likiharibika unawaonya wanaokuja, na yeye toka ujana alionya kwa matawi. Akakata tawi kichakani, akageuka, akamwona Kanuni anarudi kwa mguu kutoka mbali nyuma ya malori. Alikuwa ameshaweka pembetatu zake, moja hatua hamsini, nyingine hatua mia. Akaja akasimama mbele ya Rungu, mahali ambapo uso wake ungeonekana vizuri. Na Rungu akagundua kwamba hilo nalo alikuwa akilifanya siku zote.

"Umeumia?" aliuliza.

"Tangu lini?" Rungu alisema.

Kanuni hakujifanya haelewi. "Tangu mvua za mwaka jana. Nilikuita mara tatu kwa nyuma, hukugeuka. Halafu nikakuona unagonga tairi la ndani lililokuwa limelala kabisa, ukasema zima, ukaenda kunywa chai. Nikalijaza. Kesho yake nikaona niangalie tena."

"Kila siku?"

"Kila siku tunayotoka pamoja. Siku nisipokuwepo, namwachia fundi wa zamu, namwambia ni agizo la karakana."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mara mbili. Mara ya kwanza hukusikia. Ya pili hukutaka kusikia."

Rungu aligeuza lile tawi mkononi. Gari moja dogo likapita, likapunguza mwendo lilipoona pembetatu.

"Na Jumatatu? Nimekutukana mbele ya yadi nzima. Ungesema neno moja tu."

"Neno lenyewe ndilo lingekupeleka getini, mzee wangu," Kanuni alisema. "Nijitetee mimi, uangamie wewe? Barua ya onyo ni karatasi. Inakaa kwenye bahasha." Akasogea karibu, akasema kwa sauti ambayo mzee aliisoma zaidi ya kuisikia. "Wanaume kumi na wanne pale yadini waliniambia mgongo unauma. Wewe uliniambia panda."

Mzee Rungu, ambaye hakulia alipomzika baba yake, alilia kando ya barabara, mchana kweupe, na tawi mkononi. Kanuni alimwacha amalize. Alikwenda kwenye gari lake akarudi na chupa ya maji na ile barua ya wito, yake mwenyewe, imekunjuliwa vizuri.

"Umeisoma yako mpaka mwisho?"

"Nilifika penye masikio."

"Ukurasa wa pili, hapa. Dereva anayesikia kwa msaada wa kifaa atahesabiwa kuwa anasikia, mradi avae kifaa hicho awapo kazini. Ni kama miwani tu, mzee."

Rungu alisoma mstari ule. Akausoma tena akifuata kwa kidole. Siku zote zile alikuwa ameulalia, kihalisi, chini ya godoro lake.

"Imeandikwa na watu wasiojua kurudisha tela nyuma," alisema hatimaye.

"Hao hao."

Walibadilisha matairi mawili, yeye na Kanuni, mikono imejaa grisi, na kabla hawajaondoka walishuka sokoni kumsaidia yule mama kusafisha meza yake. Mtoto alikuwepo. Alikuwa na meno mawili ya mbele yaliyong'oka na alitaka kuruhusiwa kupiga honi. Rungu akampandisha garini, mtoto akapiga mpaka akachoka, na watu wa soko wote wakaziba masikio, isipokuwa mzee.

Kesho yake asubuhi, kibandani, Rungu hakungoja Redio awashwe. Alisimama. Alimwomba mkuu wa yadi asogee, na yule wa getini naye akamwita.

"Jumatatu nilimwita huyu mwanangu mwizi wa gari," alisema. "Haya sikilizeni. Mimi sisikii. Nina mwaka na miezi sisikii, na muda wote huo yeye ndiye aliyekuwa masikio ya gari langu, bila kuniambia, bila kuwaambia nyinyi. Siku tatu aliponiacha kama nilivyotaka, nusura niue mtoto wa watu. Mkuu, ile barua ya onyo naomba uifute. Kama lazima iwepo, andika jina langu."

Akaweka funguo za lori mezani, katikati ya ile miduara ya vikombe. Zilitua, na yeye hakuzisikia zikitua.

Mkuu wa yadi alizitazama. Alikuwa mtu wa maneno machache na alichagua mawili. "Nenda kapimwe."

"Sikio la kufa halisikii dawa," Redio alinong'ona, kwa kinong'ono chake ambacho kingefika barabarani. Rungu akakisoma midomoni.

"Hili halijafa, Redio. Limechoshwa na wewe tu."

Wakacheka wote, na kicheko kile kilimsaidia kutembea mpaka getini. Yule wa kufuli alimfungulia. Safari hii Rungu alisimama, akamtazama usoni, akamshika mkono. Akatamani angefanya hivyo mwaka mzima.

Zahanati ilimweka kwenye kachumba kadogo, akavishwa vidude viwili masikioni na kupewa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Alikaa anangoja. Mlio mzito alibonyeza, wa kati akabonyeza, kisha pakawa kimya, akadhani mashine imezimwa. Nesi alimwonyesha karatasi yenye mstari unaotembea vizuri halafu unatumbukia kama barabara inayoingia bondeni.

"Sauti za chini unazo, ila injini ikinguruma inazifunika," nesi alisema akimwandikia pia kwenye karatasi. "Za juu ndizo zimekwenda. Ni kelele za injini za miaka mingi. Ndege, kengele, sauti za watoto. Hizo huzisikii."

"Na matairi?"

Nesi hakuelewa. Rungu akamweleza habari ya ti na du. Alipofika katikati ya maelezo akasita, akajisikia mwenyewe, akaanza kucheka mpaka mashavu yakalowa. Mwaka mzima alikuwa amewasingizia watu wa viwandani. Mpira ulikuwa mpira ule ule.

Baada ya wiki mbili kifaa kikafika, kidogo kama punje ya haragwe, kimoja kila sikio. Alipimwa tena, akapita, leseni ikatoka na mstari mmoja wa ziada: avae kifaa cha kusikia. Alirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu dunia ilikuwa imejaa vitu. Ndala zake zilikuwa na sauti. Mifuko ya plastiki ilikuwa na sauti. Alifika, akafungua mlango, ukalia, akaufunga na kuufungua tena.

"BABA WATOTO, UMERUDI?" mkewe alisema kutoka jikoni.

"Mama, mbona unanipigia kelele?"

Mkewe akatokea mlangoni akifuta mikono, akaona vile vidude. Akasogea, akavitazama huku na huku. Aliposema tena, alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya zamani, nyembamba na ya pole, iliyomfanya dereva mmoja kijana asimamishe lori barabarani na kuuliza njia ambayo alikuwa akiijua.

"Nimechoka kupiga kelele, mume wangu," alisema. "Koo linaniuma mwaka mzima."

Rungu hakujua amshukuru nani kwanza. Alianza na yeye. Alimshukuru na kumwomba radhi kwa yale aliyosema kibandani kuhusu koo la mnadi, ambayo mkewe hakuwa akiyajua mpaka dakika hiyo, na alisamehewa kwa masharti.

Jumatatu Rungu alifika yadini kabla ya mtu yeyote. Alichukua rungu lake akaanza na gurudumu la mbele la kulia. Akagonga.

Ti.

Akasimama palepale, mkono umeganda hewani. Akagonga la pili. Akalizunguka gari zima, yote ishirini na mawili, yale ya ndani kwa ncha ya rungu, na yote yakamwitikia. Mwisho wa tela akaweka paji la uso kwenye bati la ubavuni, akakaa hivyo kidogo, akimshukuru Mungu, na marehemu mwalimu wake, na nesi, na hata wale wa ofisini wasiojua kurudisha tela nyuma.

Halafu akatazama huku na huku, akavuka yadi, akaenda kwenye gari la Kanuni. Gari la mwenzako huligusi. Akagonga. Ti, ti, ti. Kwenye ekseli ya nyuma, tairi la ndani la kulia, akapata du. Lilikuwa limepungua kidogo sana, kiasi cha upepo unaoweza kuvuja usiku mmoja tu. Akavuta mpira wa kompresa, akalijaza, akagonga tena mpaka likaimba, akaondoka haraka.

Kanuni alipofika, Rungu alikuwa ameketi kibandani, mgongo umeelekea yadi, anakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Redio alikuwa ameanza hukumu ya siku, safari hii dhidi ya mizani ya barabarani. Nyuma yao Kanuni alitoa geji kwenye soksi akaanza kupima, gurudumu baada ya gurudumu. Alifika kwenye ekseli ya nyuma, akachuchumaa. Akapima mara mbili. Mpira wa kompresa pale chini ulikuwa bado unavuja kidogo, mzee alikuwa hakuufunga vizuri.

Ilikuwa mbali, upande wa pili wa yadi, injini tatu zinanguruma na Redio yuko hewani. Lakini Mzee Rungu alimsikia akicheka, na hakuhitaji kugeuka kumtazama.